Kanuni za Mwanachuo na Haki ya Mtoto: Taaluma na Mwenendo katika Mafunzo ya Walimu wa Elimu Maalumu

Kanuni za taaluma na mwenendo ambazo mwanachuo hukabidhiwa mwanzoni mwa masomo yake huchukuliwa na wengi kuwa shughuli ya ofisini tu, yaani kijitabu cha kupitia juu juu, kutia saini ukurasa wa mwisho na kukiweka kando hadi siku mtu atakapotuhumiwa kwa kosa fulani. Katika vyuo vinavyoandaa walimu wa elimu maalumu mazoea hayo yana hatari ya pekee, kwa kuwa mwalimu anayeandaliwa huko atakabidhiwa watoto ambao baadhi yao hawaoni anachokiandika, wengine hawasikii anachokisema, wengine hawawezi kueleza walichotendewa, na wengine humtegemea kwa kila jambo, tangu kufungua kitabu hadi kwenda msalani. Mazungumzo haya yanakusudia kuonyesha kwamba kila kanuni inayomhusu mwanachuo wa aina hiyo, iwe ya mitihani, ya mahudhurio au ya nidhamu, inapaswa kupimwa kwa swali moja: je, inamlinda na kumfaidi mtoto atakayefundishwa? Kanuni inayolijibu swali hilo vizuri ishikwe bila kulegezwa, na isiyolijibu irekebishwe, hata kama imedumu kwa miaka mingi.

Kabla ya kuendelea, ni vyema maneno machache yafafanuliwe. Elimu maalumu ni ufundishaji uliopangwa kwa ajili ya wanafunzi ambao, kwa sababu ya ulemavu wa kuona, wa kusikia, wa akili au wa viungo, au kwa sababu ya hali kama usonji na uziwi-kutoona, hawawezi kufaidika na somo la kawaida bila marekebisho ya mbinu, vifaa au mazingira. Mwalimu tarajali ni mwanachuo anayesomea ualimu, ambaye ameanza kukutana na wanafunzi darasani lakini bado hajathibitishwa kuwa mwalimu kamili. Kanuni za taaluma ni masharti yanayohusu kujiunga na chuo, kuhudhuria masomo, kufanya kazi za darasani na mitihani, kufaulu, kurudia na kuhitimu, ilhali kanuni za mwenendo zinahusu tabia yake kwa watoto, kwa wenzake, kwa wakufunzi na kwa jamii inayoizunguka shule anakofanyia mazoezi.

Huduma ya elimu maalumu haikuanza katika Afrika Mashariki ikiwa na walimu waliofunzwa kwa ajili yake. Kwa sehemu kubwa iliasisiwa na makanisa, kwa mfano shule ya wasioona ya Thika nchini Kenya, iliyofunguliwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na ile ya Buigiri mkoani Dodoma, iliyoanzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, wakati ambapo mtoto asiyeona aliyepata shule alihesabiwa kuwa amepewa sadaka. Serikali zilipolichukua jukumu hilo, haja ya kuwa na mahali pa kuwaandaa walimu ikawa dhahiri, na ndiyo sababu Kenya ikaunda Taasisi ya Elimu Maalumu, inayojulikana kwa kifupi chake cha KISE, mwaka 1986 jijini Nairobi, na Tanzania ikawa na Chuo cha Ualimu Patandi, katika wilaya ya Arumeru mkoani Arusha, kinachoandaa walimu wa fani hiyo. Tangu Umoja wa Mataifa ulipopitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, jambo hili limetoka katika uwanja wa hisani na kuingia katika uwanja wa haki, kwa sababu ibara ya 24 ya mkataba huo inazitaka nchi wanachama ziajiri walimu wenye ujuzi wa lugha ya alama na wa maandishi ya nukta nundu, wakiwemo walimu ambao wenyewe wana ulemavu. Haki haitimizwi na mwalimu aliyepita chuoni kwa kubahatisha, na hapo ndipo kanuni za taaluma zinapopata uzito wake.

Ujuzi wa nukta nundu unatosha kuonyesha jinsi kiwango cha kufaulu kinavyomgusa mtoto moja kwa moja. Maandishi hayo, aliyoyabuni Mfaransa Louis Braille katika karne ya 19, hujengwa kwa nukta sita zilizopangwa katika safu mbili: nukta ya kwanza, ya pili na ya tatu zikishuka upande wa kushoto, na ya nne, ya tano na ya sita zikishuka upande wa kulia. Herufi d huandikwa kwa nukta ya 1, 4 na 5. F kwa 1, 2 na 4. H kwa 1, 2 na 5. Na j kwa 2, 4 na 5. Herufi hizo nne zote zinatumia nukta tatu kati ya nne za juu, na kinachozitofautisha ni pembe moja tu iliyoachwa wazi, tofauti ambayo kidole cha mtoto anayeanza kusoma kinaihisi kwa shida. Ugumu huongezeka pale mwalimu anapoandika kwa kibao na msumari wake badala ya mashine, kwa sababu karatasi hutobolewa kwa nyuma, kuanzia kulia kwenda kushoto, na kila herufi hugeuzwa kama inavyoonekana kwenye kioo, ili karatasi ikipinduliwa isomeke sawasawa. Mwalimu anayesahau kuigeuza h humwachia mtoto j, na neno hali likawa jali, huku mtoto akiamini kwamba kosa ni la kidole chake.

Kwa kuwa mambo yako hivyo, kanuni inayoruhusu alama za somo moja kufidia upungufu wa somo jingine haifai kutumika kwa stadi za msingi za fani hii. Mwanachuo anayepata alama za juu katika historia ya elimu na saikolojia, lakini akashindwa kusoma ukurasa mmoja wa nukta nundu, huenda akawa na wastani mzuri kwenye karatasi ya matokeo, ila wastani huo haumsaidii chochote mtoto aliyeketi mbele yake akisubiri kusahihishiwa daftari. Hali ni hiyo hiyo kwa lugha ya alama, ambayo ni lugha kamili yenye sarufi yake na ambayo haifahamiki kwa kukariri orodha ya ishara, bali kwa kuitumia na viziwi wenyewe kwa muda mrefu. Ni haki, kwa hiyo, chuo kudai kwamba kila stadi ya msingi ifauliwe kwa nafsi yake, ipimwe kwa vitendo na si kwa maandishi pekee, na anayeshindwa apewe muda, msaada na mtihani wa marudio, pasipo kusukumwa mbele kwa huruma. Huruma inayompitisha mwanachuo asiyejua kazi hulipwa na mtu asiyekuwapo kwenye kikao cha mitihani, na mtu huyo ni mtoto.

Uaminifu katika kazi za kitaaluma nao una sura yake katika fani hii. Katika masomo mengi, wizi wa kitaaluma, yaani kuwasilisha kazi ya mtu mwingine kama yako, huhesabiwa kuwa kosa dhidi ya aliyeibiwa na dhidi ya heshima ya chuo. Mwalimu tarajali wa elimu maalumu hutakiwa mara nyingi kuandika ripoti ya mtoto mmoja, ambayo ndani yake hueleza historia ya mtoto huyo, anachoweza na asichoweza kufanya, jinsi alivyomtazama akicheza na kujifunza kwa siku kadhaa, na mapendekezo yake kuhusu mpango binafsi wa elimu, yaani mpango unaoweka malengo, mbinu na vifaa kwa ajili ya mwanafunzi huyo peke yake. Mwanachuo anayenakili ripoti ya mwenzake wa mwaka uliopita na kubadilisha jina, au anayeiagiza programu ya akili mnemba imtungie mtoto asiyekuwapo, anajizoeza kufanya uamuzi juu ya maisha ya mtu bila kumtazama. Akizoea hivyo chuoni, hatashindwa kesho kumwandikia mtoto halisi kwamba hafundishiki ilhali tatizo lake ni masikio, au kumhamishia kitengo asichostahili kwa sababu fomu ilihitaji kujazwa kabla ya Ijumaa. Kanuni za vyuo zinapaswa kulitaja kosa la kubuni takwimu za mtoto kwa jina lake, kulitofautisha na uzembe wa kutotaja vitabu vilivyotumika, na kuliwekea adhabu nzito kuliko uzembe huo. Msaada wa teknolojia hauna budi kuruhusiwa kwa mipaka iliyo wazi, hasa kwa wanachuo wasioona wanaotegemea programu za kusoma maandishi kwa sauti, lakini mtoto anayeelezwa lazima awe ametazamwa kwa macho, kusikilizwa kwa masikio au kufahamika kwa kuguswa na yule aliyetia saini ripoti.

Mahudhurio ni eneo jingine ambalo wanachuo hulilalamikia sana, wakidai kwamba mtu mzima hastahili kuitwa jina kila asubuhi. Malalamiko hayo yana msingi katika kozi ambazo mtu anaweza kusoma peke yake maktabani, lakini hayana nguvu katika kipindi cha mafunzo kwa vitendo, ambapo mwalimu tarajali hupelekwa shuleni akiwa na azimio la kazi na maandalio ya masomo, na kufundisha huku akikaguliwa. Mtoto mwenye usonji, ambaye utulivu wake hutegemea kujua nini kinafuata nini, na nani yuko wapi, huweza kupoteza siku nzima ya kujifunza kwa sababu mtu aliyezoea kumpokea mlangoni hakutokea wala hakutoa taarifa. Darasani kwa wanafunzi viziwi, mwalimu aliyeketi kando kama msaidizi akitoka nje bila ruhusa, nusu ya watoto huachwa bila mtu wa kuwafafanulia kilichosemwa, na mwalimu anayezungumza huku amegeukia ubao huwa hayupo hata akiwapo, kwani uso wake na mikono yake, ambavyo ndivyo njia ya somo, vimefichwa. Kanuni ya mahudhurio inapaswa kutamka wazi kwamba kuwapo ni pamoja na kujiandaa, kufika mapema, kutoa taarifa ya dharura kwa mtu anayehusika na kukabidhi kazi ipasavyo kabla ya kuondoka.

Katika mwenendo, jambo la kwanza ni mwili wa mtoto. Walimu wengi huelekezwa wasiwaguse wanafunzi, na agizo hilo linatosha katika shule ya kawaida, lakini mwalimu wa elimu maalumu hawezi kulitii kwa ukamilifu, kwa kuwa kumwongoza mkono mtoto asiyeona, kumrekebisha mkao mtoto mwenye mtindio wa ubongo na kumbadilisha nguo mtoto aliyejichafua ni sehemu ya kazi yake. Kinachohitajika ni utaratibu unaofundishwa na kukaguliwa. Mtoto huambiwa kwanza, kwa lugha anayoielewa, kwamba mwalimu anataka kumsaidia na kwa jambo gani. Husubiriwa aonyeshe kukubali, hata kama ni kwa kutikisa kichwa au kunyoosha mkono. Huachiwa afanye mwenyewe kila anachoweza, pengine kufungua kifungo au kushika sabuni. Hufunikwa asionekane na wenzake. Na msaada wa msalani hutolewa na mtu aliyepangwa rasmi, huku mtu mzima wa pili akijua na akiwa karibu, kisha jambo hilo huandikwa katika daftari la siku. Mwalimu tarajali asiachwe peke yake katika kazi hiyo kabla hajafunzwa na kuthibitishwa. Utaratibu huu humlinda mtoto dhidi ya udhalilishaji, na humlinda pia mwalimu mwaminifu dhidi ya tuhuma zisizo za kweli.

Suala la adhabu linahitaji kuzungumzwa bila kuzunguka. Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaitilia nguvu marufuku hiyo. Tanzania Bara bado inairuhusu kwa masharti, kwamba viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, na viandikwe katika kitabu maalumu. Mwanachuo aliyekwenda shuleni kwa mazoezi si mkuu wa shule, na hana mamlaka yake mwenyewe ya kumchapa mtoto yeyote. Mwaka 2016 picha ya video ya walimu waliokuwa katika mafunzo kwa vitendo wakimpiga mwanafunzi wa sekondari mjini Mbeya ilienea nchi nzima na kuamsha hasira ya umma, na Serikali ikalaani kitendo hicho hadharani na kuchukua hatua, hali iliyodhihirisha jinsi vijana wanavyoweza kuingia madarasani wakiwa na andalio la somo mkononi bila kuandaliwa kuzizuia hasira zao. Kwa mtoto mwenye ulemavu wa akili au usonji, kipigo hakina hata kile kinachodaiwa na watetezi wake kuwa ni funzo, kwa sababu mtoto huyo mara nyingi haunganishi maumivu anayoyapata na tendo lililotangulia. Anachojifunza ni kumwogopa mtu na kuiogopa shule. Kupiga meza, kukimbia darasani au kujing'ata mkono huweza kuwa njia yake ya kusema kwamba kelele zimemzidi au kwamba tumbo linamuuma. Vyuo vya elimu maalumu, popote vilipo, vina haki na wajibu wa kuweka katazo kamili la adhabu ya viboko kwa wanachuo wao, bila kujali sheria inawaruhusu nini walimu wakuu, na kuwafundisha badala yake namna ya kusoma tabia ya mtoto na kuondoa kinachomsumbua.

Siri za mtoto nazo zinahitaji kulindwa kwa kanuni zinazoendana na wakati. Faili la mtoto wa elimu maalumu hubeba taarifa za afya yake, za familia yake na wakati mwingine za mambo machungu aliyoyapitia, na taarifa hizo sasa zina ulinzi wa kisheria, kupitia Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nchini Kenya na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nchini Tanzania. Pamoja na hayo, si jambo geni kuona picha za wanafunzi wenye ulemavu zikisambazwa katika makundi ya WhatsApp na wanachuo wanaotaka kuonyesha walipo, au kuamsha huruma ya wafadhili. Uzito wa kosa hili unaonekana wazi kwa watoto wenye ualbino, ambao wengi wao walipelekwa katika shule na vituo vya bweni kama Buhangija mkoani Shinyanga, Mitindo wilayani Misungwi na Kabanga wilayani Kasulu, baada ya mauaji na mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino kushamiri nchini Tanzania katika muongo wa kwanza wa karne hii. Picha ya mtoto wa namna hiyo, ikiambatana na jina la shule na saa ilipopigwa, inaweza kumfikia mtu ambaye mzazi alimkimbia. Kanuni inapaswa kueleza kwamba picha, jina na ripoti ya mtoto haviondoki shuleni bila ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi na idhini ya shule, na kwamba mtoto mwenyewe, kwa kiasi cha uelewa wake, naye huulizwa. Heshima hiyo inaendelea hadi katika namna ya kumtaja, jambo ambalo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeliweka katika ibara ya 54, inayompa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha.

Yote yaliyotajwa hayatafaa kitu ikiwa anayeona uovu ananyamaza. Mwalimu tarajali huwa mgeni katika shule ya mazoezi, alama zake zimo mikononi mwa walimu wenyeji, na hivyo, anapomwona mwalimu wa siku nyingi akimtesa au kumchezea mtoto vibaya, hujikuta akiishi kwa ile methali inayosema mkono usioweza kuukata, ubusu. Kanuni inayomtaka atoe taarifa bila kumwekea ngao ni kanuni ya maneno matupu. Inatakiwa imweleze ampelekee nani taarifa hiyo nje ya shule, akiwemo mkufunzi anayemsimamia, afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi. Imkumbushe kwamba namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto inatumika Tanzania na Kenya. Na imhakikishie kwamba atahamishiwa shule nyingine na kukaguliwa upya endapo ukweli wake utamletea uhasama. Ni lazima pia imfundishe namna ya kumsikiliza mtoto: kuandika maneno au ishara zake kama zilivyo, kutomhoji tena na tena, kutomwahidi kwamba jambo litabaki kuwa siri, na kutafuta mkalimani wa lugha ya alama asiye na uhusiano na mtuhumiwa. Watoto viziwi na wenye ulemavu wa akili hudhulumiwa kwa urahisi kwa sababu wadhalimu wanategemea kwamba hawataeleweka au hawataaminiwa, na mwalimu aliyefunzwa vizuri ndiye anayelivunja tegemeo hilo.

Ukali huu wote, hata hivyo, hauhalalishi uonevu dhidi ya mwanachuo. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 13(6), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na ya kukata rufaa pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa, na ile ya Kenya, katika ibara ya 47, inadai uamuzi wa kiutawala uwe wa haki, wa haraka na wenye sababu zilizoandikwa pale unapomwathiri mtu vibaya. Mwanachuo anayetuhumiwa anapaswa kupewa tuhuma zake kwa maandishi, kupewa muda wa kujiandaa, kusikilizwa na kamati isiyokuwa na mlalamikaji ndani yake, na kuelezwa njia ya rufaa. Pale usalama wa watoto unapokuwa hatarini, chuo kinaweza kumwondoa shuleni mara moja akisubiri uchunguzi, mradi ieleweke kwamba hatua hiyo ni ya tahadhari na si hukumu. Kanuni ziwabane wakufunzi pia, kwa kuwa mkufunzi anayemtaka mwanachuo kimapenzi ili ampe alama anatenda kosa la jinai, lililotajwa katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007, na mwanachuo aliyenyanyaswa na mkubwa wake huku uongozi ukifumba macho hujifunza kwamba mwenye madaraka haulizwi, somo ambalo ni la hatari mno kulibeba kwenda nalo katika bweni la watoto.

Mtihani mgumu kuliko yote kwa uadilifu wa chuo cha elimu maalumu hutokea pale mwanachuo mwenyewe anapokuwa na ulemavu. Si ajabu chuo kinachofundisha ujumuishi, yaani mpango wa kuwawezesha wanafunzi wote kusoma pamoja kwa kuondoa vikwazo, kikawa na ngazi zisizopitika kwa kiti cha magurudumu, mitihani isiyoandikwa kwa nukta nundu na fomu ya ukaguzi inayompunguzia alama mwalimu asiyeona kwa sababu mwandiko wake ubaoni haukunyooka. Kanuni iliyo sawa hutofautisha kiwango na njia ya kukifikia. Kiwango ni kwamba wanafunzi wapate maandishi ya somo yaliyo sahihi na yanayosomeka. Njia inaweza kuwa ubao, chati iliyoandaliwa mapema, karatasi za nukta nundu au msaidizi anayeandika kwa maelekezo ya mwalimu. Vivyo hivyo, mwalimu tarajali kiziwi anayefundisha wanafunzi viziwi kwa lugha ya alama anastahili kukaguliwa na mtu anayeifahamu lugha hiyo, kwa sababu mkaguzi asiyeielewa hawezi kujua kama alichokiona ni ufafanuzi bora au makosa matupu. Muda wa ziada katika mtihani, maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu na ukalimani si upendeleo, na havipunguzi uzito wa cheti. Kinyume chake, kumpitisha mwanachuo mwenye ulemavu kwa kumwonea huruma, bila kumdai ujuzi, ni kumdharau yeye na kuwadhulumu watoto atakaowafundisha, ambao wangemwona kuwa ushahidi kwamba wao pia wanaweza kusoma, kufuzu na kuheshimiwa.

Kazi iliyopo mbele ya vyuo, kwa hiyo, ni ya vitendo na inawezekana kuanza kutekelezwa muhula ujao. Kanuni ziandikwe kwa Kiswahili fasaha mahali ambapo Kiswahili ndicho kinachoeleweka na wote, zitolewe pia kwa nukta nundu na kwa video za lugha ya alama, na zifundishwe kama somo lenye mifano na mijadala katika wiki za kwanza, kisha zirudiwe kabla ya kila awamu ya mafunzo kwa vitendo. Vyama vya watu wenye ulemavu na wazazi wa wanafunzi wa elimu maalumu vishirikishwe katika kuzipitia, kwa kuwa wao ndio wanaojua ni wapi walimu huteleza na nani huumia. Mamlaka zinazosajili walimu, zikiwemo Tume ya Huduma za Walimu ya Kenya na Bodi ya Kitaalamu ya Walimu iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2018 nchini Tanzania, zipokee taarifa za uhakika kutoka vyuoni kuhusu mwenendo wa wahitimu pamoja na alama zao, ili mtu aliyeondolewa chuo kimoja kwa kumdhuru mtoto asipokelewe chuo kingine kana kwamba hakuna kilichotokea. Na pale kamati ya mitihani inapokaa kumjadili mwanachuo mwenye akili nyingi, ambaye amefaulu kila karatasi lakini amethibitika kuwa mkatili au mwongo mbele ya watoto, jibu lake linapaswa kuwa kwamba hajafaulu, kwa sababu kumtendea mtoto haki ni sehemu ya ujuzi anaotahiniwa, na asiyekuwa nao hajakamilisha masomo ya ualimu.